Barua kwa Mwanangu: Mjukuu Wangu Asomewe

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa mkaza mwanangu na kwa mjukuu wangu, nakuandikia kuhusu lile tulilolizungumza kwa simu nikiwa Marikiti, ambalo kwa kelele za pale sikuweza kulijibu ipasavyo. Ulisema kwamba mtoto wa miaka miwili bado ni mdogo wa kusomewa, kwamba akianza chekechea mwalimu atamfundisha, na kwamba wewe ukirudi kutoka bandarini huna nguvu iliyobaki ila ya kula na kulala. Uchovu wako naufahamu, kwani zamu za Kilindini haziangalii mtu. Hayo mawili mengine siyakubali, na kwa kuwa kazi yangu ya miaka yote ilikuwa kufundisha watoto wa umri huo huo, naomba unisikilize hadi mwisho.

Umri wake si kizuizi, kwa sababu mtoto wa miaka miwili hasomewi ili ajue herufi. Anasomewa ili ayasikie maneno ambayo hayafiki jikoni wala ukumbini. Sikiliza tunavyosema naye kutwa: njoo, kaa, kula, usiguse, kiatu kiko wapi. Katika kitabu chembamba cha picha atamkuta mvuvi anayetweka tanga, mamba aliyejificha matetini, mfalme aliyeghadhibika kisha akatulia, na maneno hayo atayapokea pamoja na picha zake na sauti yako. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwataka madaktari wake wawahimize wazazi kuwasomea watoto tangu wakiwa wachanga. Mwaka 2019 watafiti wa Ohio State University walihesabu maneno yaliyomo katika vitabu vya watoto, wakakadiria kwamba mtoto anayesomewa kitabu kimoja kila siku huwa, afikapo miaka mitano, amesikia maneno yapatayo 290,000 zaidi ya yule asiyesomewa kabisa. Hesabu hiyo ni ya vitabu vya Kiingereza, kwa hivyo usiichukue kuwa kipimo cha Kiswahili. Lakini inakuonyesha ni mzigo wa namna gani tunaomtwika mwalimu wa chekechea tunapomwachia yeye peke yake, naye ana darasa zima la kuangalia.

Sasa nije kwenye namna ya kusoma, maana hapa ndipo nilipowaona wazazi wengi, hata waliosoma sana, wakikosea. Mzazi hukifungua kitabu, akakisoma kuanzia juu hadi chini pasipo kupumua, na mtoto akisema neno huambiwa anyamaze asikilize. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa umri wa mjukuu wangu. Wazazi wote waliendelea kuwasomea watoto wao nyumbani kwa muda wa mwezi mmoja, ila baadhi yao walifunzwa kumuuliza mtoto maswali yasiyojibika kwa ndiyo au la, kulipanua jibu lake na kumwachia nafasi ya kusimulia. Watoto wa wazazi hao waliwapita wenzao katika uwezo wa kujieleza. Niliposoma habari hiyo nilitabasamu, kwani bibi zetu hawakupata kusimulia hadithi kwa njia nyingine. Bibi alisema paukwa, na asipoitikiwa pakawa hakuendelea. Katikati ya hadithi aliuliza mnadhani Sungura atafanya nini, na mwenye jibu la ajabu ndiye aliyesikilizwa zaidi.

Basi fanya vivyo hivyo na kitabu. Mtoto akigusa picha na kusema "samaki", mwambie, "Naam, samaki mkubwa mwenye magamba, anaogelea. Unadhani anakwenda wapi?" Kisha nyamaza, tena unyamaze kwa muda mrefu kuliko unavyopenda, kwa kuwa mtoto huchelewa kulipata neno na sisi watu wazima tuna haraka ya kumjibia. Jibu lolote alitoalo ni sahihi, hata akisema samaki anakwenda kwa bibi. Usiigeuze saa hiyo kuwa mtihani wa kumtajisha rangi na hesabu. Akifunua kurasa tatu kwa mpigo, mwachie afunue. Akitaka kitabu kile kile kila usiku hadi wewe mwenyewe ukichoke, msomee, kwa sababu ni katika kurudiarudia ndipo anapoyakamata maneno, na siku moja utamkuta amekipakata anajisimulia peke yake.

Lugha iwe Kiswahili. Najua mmenunua vile vitabu vya Kiingereza vya bei kali mkidhani mnamtangulizia shule, nami sivikatai, lakini lugha unayoweza kufanyia mzaha, kuigiza sauti ya fisi na kueleza jambo kwa njia tatu ni hii uliyonyonya. Hata sera ya elimu nchini inataka watoto wa madarasa ya awali wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na hapa mjini lugha hiyo ni Kiswahili.

Mkipungukiwa na vitabu, maktaba ya umma ya Mombasa haina gharama ya kumshinda mfanyakazi wa bandari. Katika simu yako utapata African Storybook, ambayo hutoa hadithi za picha bila malipo, za Kiswahili zikiwemo. Ila simu uishike wewe, mlio uuzime, na hadithi ikiisha uifiche, la sivyo katuni zitakupokonya mtoto. Na maandishi yamejaa nyumbani mwenu. Mama yake akijifunga kanga, amwonyeshe jina la kanga hiyo, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, ayafuate kwa kidole neno baada ya neno; mtoto huangalia picha tu asipoelekezwa kwenye maandishi. Atakapoanza chuo cha Kurani ataona msahafu ukisomwa kutoka kulia na kitabu cha shule kutoka kushoto, na aliyezoea kushika vitabu hatatatizika na hilo.

Kuhusu muda, dakika kumi zinatosha. Ukiwa na zamu ya usiku, msomee asubuhi mahamri yakiwa mezani. Ukiwa na zamu ya mchana, mama yake amsomee kabla ya kulala, nawe uchukue siku zako za mapumziko. Nakusisitizia wewe hasa kwa kuwa katika nyumba nyingi za hapa kazi hii huachiwa mama, mtoto wa kiume akakua akiamini kwamba vitabu ni shughuli ya wanawake.

Nimempa mjomba wako vitabu vitatu akuletee Jumamosi atakapokuja Changamwe. Anza na chenye kurasa ngumu, kwani hicho hata akikitafuna hakitaharibika. Kile cha kobe kimetoka jalada na ukurasa wa mwisho haupo, kwa hivyo mwisho wake mtautunga wenyewe, nami nikija nataka nisimuliwe.

Wasalaam,
Mamako