Barua kwa Mjomba: kovu limefunga, vidole bado vina ganzi

Montreal, Juni

Mjomba, shikamoo.

Umeuliza kwa nini jeraha la kifundo cha mkono limefunga vizuri, ila kidole gumba, cha shahada na cha kati bado vimekufa ganzi wiki 10 baada ya kushonwa. Ngozi na neva haziponi kwa njia moja. Ngozi huzaa seli mpya palepale penye jeraha. Uzi wa neva ni mkia wa seli ambayo makao yake yako shingoni, ndani ya uti wa mgongo au kando yake, kama sentimita 70 kutoka pale kioo kilipokata. Sehemu kubwa ya vifaa vya kuujenga upya hutoka huko.

Kioo kilipopita, ncha ya uzi ilibaki wazi na kalisiamu ikamiminika ndani. Ikizidi inaua, lakini ndiyo hiyohiyo inayoamsha fundi: vifuko vidogo vya utando, yaani ngozi nyembamba ya seli, hukimbilia tundu, hushikana na kuliziba. Kipande cha upande wa vidole kimetengana na seli yake, kwa hiyo hufa hata kama kimeshonwa vizuri. Mtafiti Mwingereza Augustus Waller alilieleza hilo mwaka 1850 kwa kukata neva za ulimi wa chura. Seli za Schwann, ambazo kabla ya hapo ziliuvisha uzi koti la mafuta, huanza kulimeng'enya koti hilo, makrofaji, seli za kinga zinazokula taka, huja kusaidia kufagia, kisha seli za Schwann hujipanga mstari ndani ya mifereji ya zamani nyuzi zilimopita. Kwa hiyo daktari hakuunga nyuzi zenyewe. Alishona ganda la nje, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, ili mifereji ya pande mbili itazamane.

Sasa hesabu ya utando, maana wewe ni seremala na vipimo unavipenda. Uzi wenye kipenyo cha mikromita 1 (elfu moja hufanya milimita) ukirefuka milimita 1 unahitaji utando mpya wa mikromita za mraba 3,140 hivi. Seli yenyewe, ikiwa na kipenyo cha mikromita 50, ina utando wa mikromita za mraba 7,850 tu. Uzi hurefuka kama milimita 1 kwa siku, yaani katika siku mbili na nusu seli imetoa utando wa kutosha kujifunika yenyewe yote, na inaendelea hivyo kwa miezi. Utando huo husafiri kama vifuko vyenye kipenyo cha nanomita 150 hivi (mikromita 0.15). Kwa mwendo huo vinatakiwa karibu 44,000 kila siku, vifuko 30 kwa dakika, kwa uzi mmoja tu.

Vifuko havichelewi njiani. Protini iitwayo kinesini huvibeba juu ya reli za ndani ya uzi, milimita 200 hadi 400 kwa siku, basi kutoka shingoni hadi kifundoni ni siku mbili hadi tatu na nusu. Kinachochelewa ni mifupa ya uzi, tubulini na aktini, inayotambaa milimita chache kwa siku au pungufu. Bati zimeshafika, boriti bado ziko barabarani. Huko mbele kuna ncha yenye vidole vinavyopapasa, ambayo Cajal, mtafiti Mhispania wa neva, aliieleza mwaka 1890. Kifuko kikifika, protini zake na za ncha husokotana, huvuta tando mbili hadi zigusane, nazo huwa utando mmoja. Hakuna kiraka wala mshono.

Kolesteroli, mafuta yaliyomo ndani ya utando, uzi hauwezi kujitengenezea wenyewe huko mbali. Nyingine hutoka kwenye seli, nyingine huokotwa kwenye lile koti lililobomolewa: makrofaji huifungasha kwa apolipoprotini E, protini inayobeba mafuta, na kuigawa upya. Usianze kula mafuta mengi kwa sababu hiyo, mwili unatumia yake.

Pigia hesabu mkono wako. Toa mwezi mmoja wa mwanzo, nyuzi zinapohangaika kuvuka mshono. Wiki sita zilizobaki ni kama sentimita 4, basi ziko katikati ya kiganja. Misuli ya gumba iko sentimita 6 hadi 7 kutoka kifundoni, ncha za vidole 17 au 18. Gumba lisubiri mwezi wa nne au wa tano tangu kushonwa, ncha za vidole mwezi wa saba au zaidi. Misuli nayo haingoji milele. Ikikaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila neva, hainyanyuki tena vizuri.

Kipimo unaweza kukifanya mwenyewe, alikieleza daktari Mfaransa Jules Tinel mwaka 1915: gonga polepole kwa kidole, ukianzia vidoleni kurudi kwenye kovu. Pale inapowasha kama umeme ndipo ncha zilipofika. Weka alama kwa kalamu, rudia kila baada ya wiki mbili. Alama ikiganda kwenye kovu hadi mwezi wa tatu tangu kushonwa, au pakiota kivimbe kinachouma ukikigusa, rudi kwa daktari bila kusubiri: nyuzi zimekosa mifereji na zimejikunja hapo.

Hata zikifika, nyingine huingia mfereji usio wake. Ukiguswa shahada ukahisi cha kati, usishtuke, ubongo hujifunza upya. Hisia zikianza kurudi, fumba macho utofautishe mchele, maharage na sarafu, dakika 10, mara kadhaa kwa siku.

Kwa sasa, maji ya moto pima kwa mkono wa kushoto. Mpini wa randa uzungushie kitambaa, maana usiposikia unakamata kupita kiasi na malengelenge yanatoka kimya. Kagua kiganja asubuhi na jioni, kipake mafuta kwani hakitoi jasho. Gumba livute mbali na kiganja mara 10, mara nne au tano kwa siku, lisikaukie ndani.

Zile sindano za vitamini B unazosifiwa mtaani hazina kazi kama huna upungufu, na B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva zilezile za hisia. Sigara ndiyo uache.

Wasalimie wote nyumbani. Alama za kalamu nitumie picha.

Mpwa wako