Kwa nini hedifoni za ukalimani hukatika katikati ya ukumbi

Taa mbili za infraredi (mwanga usioonekana unaobeba sauti hadi kwenye hedifoni) zimefungwa, moja kila upande. Wa mbele wanasikia, wa nyuma wanasikia, ila safu mbili za katikati ni mikwaruzo mitupu. Kabla hujanunua taa ya tatu, pima nyaya.

Ndani ya kebo ya koaksio, yaani waya unaopeleka mawimbi ya sauti kwenye taa, mawimbi huchukua takribani nanosekunde 5 kwa kila mita. Taa moja ikiwa na kebo ya mita 15 na nyenzake mita 40, ya pili inachelewa nanosekunde 125. Kwa chaneli ya megahezi 4 hiyo ni nusu ya wimbi kamili, na kiti kilicho katikati ya taa hizo kinapata mawimbi mawili yanayofutana. Chaneli ya megahezi 2 haifutiki hapo. Kila lugha ina chaneli yake, ndiyo maana kwenye kiti kilekile Kiswahili kinasikika na Kifaransa hakisikiki, lawama akabebeshwa mkalimani bure! Sawazisha urefu wa kebo. Inayobaki izungushe juu ya dari.

Sisi huukagua ukumbi kwenye kompyuta kwanza. Kuta, dari na sakafu tunazigawa vipande vya sentimita 25, na kila kipande kinahesabiwa kama taa ndogo inayorudisha sehemu ya mwanga uliokifikia. Lipu nyeupe hurudisha asilimia 70 hadi 80. Kioo cha dirisha kidogo sana, miale inapita zake nje. Chumba cha mita 5 kwa 5, kimo mita 3, kinatoa vipande 1,760. Ukitumia vya sentimita 10, hesabu za mdundo wa tatu (mwanga uliorudishwa mara tatu) zinaongezeka mara 244, na mwanga wa mdundo huo umeshasambaa kiasi kwamba hauhitaji udogo huo.

Umbali ndio unaoumiza. Kipokezi cha hedifoni kinachotazama juu, mita 2.5 chini ya taa ya mwanga mpana, kikisogezwa mita 2.5 pembeni kinabaki na robo ya mwanga.

Jua ni shauri lingine. Hapa Kampala, dirisha la magharibi hupigwa na jua la saa kumi na moja jioni mwaka mzima. Chujio cheusi cha kipokezi huzuia mwanga unaoonekana, si infraredi ya jua. Weka pazia zito.

Tuletee vipimo vya ukumbi, urefu wa kila kebo, chaneli unazotumia na upande yanakotazama madirisha. Kuta zipige picha kwa simu tu.