Nyama ya sandwichi ya nyumbani: tuandikiane uzito, joto na saa

Ndugu Mhariri,

Kurasa za afya katika magazeti yetu zimezoea kuwaonya wazazi wasiwafungashie watoto soseji na hemu za dukani. Onyo hilo lina msingi. Oktoba 2015, wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama ya kusindikwa katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, na ukakadiria kuwa gramu 50 kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. (Hiyo ni nyongeza juu ya uwezekano uliokuwapo, si kwamba watu 18 katika kila 100 wataugua, magazeti hukosea sana hapo.) Kisha mzazi huambiwa atengeneze mwenyewe nyumbani, na makala inaishia hapo. Sisi tunaofundisha upishi tunaona huko ni kumwacha njia panda, kwa sababu nyama ya nyumbani nayo ina hatari zake.

Chukua kuku wa slesi, ambaye ndiye rahisi kuliko wote. Kuku wawili wa kisasa wenye kilo 1.2 kila mmoja hutoa takriban kilo 1 ya mnofu. Kuku wa kienyeji hafai hapa. Mtoe ngozi na mifupa akiwa mbichi, usimchemshe. Gandisha mnofu nusu nusu, kisha saga gramu 700 kwa mafungu madogo na ukate gramu 300 zilizobaki vipande vya sentimita 1. Tia gramu 15 za chumvi laini, yaani vijiko viwili na nusu vya chai, mililita 100 za maji ya barafu, pilipili manga, kitunguu saumu na kungumanga kidogo. Kanda kwa nguvu mpaka nyama inate mkononi na kuacha nyuzinyuzi ukiivuta. Kunata huko ni kazi ya chumvi: huyeyusha protini, nazo zikipata moto hushikana na kubana maji ndani. Ukipunguza chumvi mno, slesi zinameguka. Nyama ikipata joto wakati wa kusaga, mafuta hujitenga na utayakuta yameganda pembeni ya kopo. Ndiyo maana ya barafu.

Kuhusu kusagiwa buchani, tungeshauri usifanye hivyo kwa nyama ya mtoto. Mashine iliyosaga tangu asubuhi bila kuoshwa huingiza katikati ya nyama yako vimelea vya nyama za wengine.

Pakaza mafuta kwenye kopo la kuokea mkate, shindilia nyama, gongesha kopo mezani mara kadhaa ili hewa itoke, funika kwa foili. Asiye na oveni aliweke ndani ya sufuria kubwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, maji yafike nusu ya kopo, afunike. Maji yatikisike tu, yasitokote. Yakichemka kwa fujo protini hujikamua, na utapata bonge kavu lenye matundu likielea kwenye mchuzi wake. Hesabu saa moja na robo hadi saa moja na nusu, lakini mwamuzi ni kipimajoto cha kupikia: katikati ya bonge pasome nyuzijoto 74. Kuchoma kisu na kutazama rangi ya maji ni kubahatisha.

Nyama hii haitakuwa ya pinki. Rangi ya hemu inatokana na nitriti, na tunasisitiza mtu asiinunue na kuipima kwa kijiko nyumbani. Inafanana na chumvi na kiasi kidogo kikizidi ni sumu. Ila nitriti ina kazi nyingine kiwandani, nayo ni kuzuia bakteria hatari wasiote. Ukiiondoa, umeondoa na ulinzi huo, kwa hiyo usitegemee nyama yako ikae wiki mbili kama ile ya pakiti. Siku tatu hadi nne kwenye friji yenye nyuzijoto 4 au chini yake, basi.

Sasa kupoza, hatua ambayo mapishi mengi huimaliza kwa maneno "acha ipoe". Zipo mbegu za bakteria zinazostahimili kupikwa, na zikikuta nyama inapoa polepole juu ya meza usiku kucha, huamka na kuzaana. Tumbukiza kopo kwenye beseni la maji na barafu, badilisha maji yakipata uvuguvugu. Lenga kushuka chini ya nyuzijoto 21 ndani ya saa mbili, halafu friji, na juu ya bonge pakiti ya unga ya kilo 1 ili libanane. Usikate kabla ya kesho yake. Bonge lenye joto halikatiki slesi, linachanika.

Anayependa ng'ombe apake kilo 1 ya paja chumvi ileile, ailaze usiku kwenye friji, aichemshe kwa moto mdogo kama saa mbili hadi ilainike, aipoze vilevile. Aikate kukatiza nyuzi, slesi nyembamba. Nyama iliyokatwa kufuata nyuzi mtoto huing'ata na kuitoa yote kwenye mkate.

Wakati wa kukata, nawa mikono kwa sabuni na tumia ubao ambao haukugusa nyama mbichi. Wapo bakteria wa puani na kwenye ngozi wanaohamia kwenye nyama iliyoiva na kutoa sumu isiyovunjwa na moto. Kupasha tena hakusaidii.

Mzazi hufunga chakula saa kumi na mbili asubuhi, mtoto hukila saa nne. Kwenye joto linalopita nyuzijoto 32, ambalo Dar es Salaam au Mombasa si geni, nyama isiyo na ubaridi isizidi saa moja. Dawa ni kugandisha. Tandaza slesi kwenye friza zisigusane, zikishaganda zifunge, na asubuhi ziweke kwenye mkate zikiwa jiwe. Zitayeyuka zenyewe kabla ya mapumziko. Pembeni weka chupa ndogo ya maji iliyogandishwa. Hotpoti inayobeba wali wa moto hutunza baridi vilevile, mradi ilale wazi ndani ya friji usiku huo. Siagi inavumilia, mayonezi ikigandishwa inakatika, na nyanya hulowesha mkate, hivyo zisafiri kando.

Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kama saa nne. Zaidi ya hapo, slesi zilizokuwa humo zitupwe hata kama zinanukia vizuri, na vivyo hivyo sandwichi inayorudi mchana haijaliwa.

Walimu wa upishi,
Dar es Salaam