Wale gapi ulionipa

Kijenge, Arusha
Jumatano usiku

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo, watoto wanakwenda shule, na baridi ni hii ya Julai unayoijua. Ila nina habari ya kukusikitisha. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia.

Wale gapi, samaki wadogo wa mapambo ulionipa Pasaka, niliowapakata kwenye kindoo kutoka Moshi mpaka stendi ya hapa, wamekufa saba. Moli wawili, wale samaki wengine wa tangini, nao wamekwenda. Yule mweusi uliyempenda ndiye aliyetangulia.

Ilianza Jumatatu alfajiri. Nilipowasha taa nikawakuta wote wamepanda juu, wanahema mbiombio, matamvua yamewaiva mekundu. Maji yenyewe maangavu, hayana hata harufu. Nikasema hapa si maji, ni ugonjwa, nikamshuku yule kambale mdogo wa kufyonza kioo niliyemnunua mwezi uliopita. Nikamtenga kwenye beseni, maskini, na vifo vikaendelea vilevile.

Jana nikamwita jirani yetu anayefuga perege kwenye mabwawa huko Usa River. Hata samaki hakuwaangalia kwanza. Akauliza, "Umeosha nini?" Nikamweleza kwamba Jumamosi niliifungua filta ya kuchujia maji ya tangi, nikakuta sponji nyeusi inateleza kama mlenda, nikaikamua bombani mpaka ikarudia ubuluu wake. Akanyamaza. Kisha akatoa kichupa, akateka maji ya tangi, akadondoshea dawa ya kupimia. Mama Neema, maji yale yalitakiwa yabaki manjano. Yaligeuka kijani mbele ya macho yangu, kijani cha kisamvu. Amonia.

Kumbe ule utelezi ndio uliokuwa uhai wa tangi zima. Humo wamo bakteria wanaoigeuza amonia ya kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza hiyo kuwa nitrati, isiyowadhuru sana samaki. Kwenye tangi jipya bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Mimi niliwamaliza kwa klorini ya bomba, dakika tano tu. Na maji yetu haya ya Mlima Meru, yenye magadi na ile floraidi inayotia meno rangi, yakazidisha balaa: amonia ni ileile, lakini kadiri maji yanavyokuwa na magadi ndivyo inavyozidi ukali.

Kinachoniuma ni kwamba kazi ile niliifanya kwa mapenzi.

Tangu jana natoa theluthi ya maji kila siku na kurudishia maji yaliyolala wazi kwenye ndoo usiku kucha, nikiongeza ya moto kidogo yasije yakawashtua kwa baridi. Chakula nimesimamisha, ingawa Upendo analalamika kwamba wana njaa. Pampu ya hewa haizimwi. Kambale nimemrudisha kwa wenzake.

Wamebaki watano, na mmoja ni gapi jike mwenye tumbo kubwa na lile doa jeusi nyuma, anakaribia kuzaa. Kwa ajili yake nakuomba kitu kimoja. Nikatie kipande cha sponji ya filta yako, ukubwa wa kiganja. Usikioshe! Kiache na uchafu wake wote, kitie kwenye kopo lenye maji ya tangi lako, usijaze mpaka juu ili hewa ibaki. Shemeji akija Ijumaa mpe, na umwambie asikiweke juani. Nitamsubiri stendi mwenyewe.

Na yako, ikifika siku ya kuoshwa, ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, bombani usiipeleke kabisa.

Nisalimie Neema. Habari ya yule mweusi usimwambie kwanza, nitakuja kumwambia mimi.

Rafiki yako,
Mama Upendo