Kodi ya majengo tunalipa, lakini tumuulize nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa Jiji la Arusha hulisema kila mwanzo wa mwezi tunaponunua umeme, kisha tukalisahau hadi mwezi unaofuata. Nalo ni kodi ya majengo inayokatwa kupitia LUKU, yaani mita za umeme wa kulipia kabla. Nitangulie kusema kwamba siandiki kuipinga kodi yenyewe. Mji ambao Sensa ya mwaka 2012 iliukuta na watu 416,442, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta wamezidi 617,000, hauwezi kuendeshwa kwa harambee, na mwenye nyumba anayesema kwamba Sh 1,500 kwa mwezi zinamfilisi huenda ana matatizo mengine. Lalamiko langu ni kwamba fedha hizi zinatoka mifukoni mwetu bila kukosa hata mwezi mmoja, lakini anayepaswa kutueleza zimefanya nini mtaani kwetu hapatikani.

Wenye umri wangu wanakumbuka zama ambazo halmashauri ndiyo iliyokuwa ikitoza kodi hii. Ankara zililetwa nyumba kwa nyumba, nyingine zikiwa na makosa ya kuchekesha, na wapo waliokaa miaka bila kulipa na hakuna aliyewafuata. Mfumo ule ulivuja, hilo sibishi. Hata hivyo aliyeleta ankara alikuwa mtumishi wa halmashauri ileile iliyotakiwa kuchonga barabara na kuzibua mitaro, kwa hiyo ukimlipa ulikuwa na haki ya kumwonyesha mtaro uliofukiwa mbele ya geti lako. Mwaka 2016 ukusanyaji ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato, vikafuata viwango vya jumla vya Sh 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na Sh 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa hapa mijini. Agosti 2021 kodi ikaingizwa kwenye mita za umeme kwa Sh 1,000 kwa mwezi, na Julai 2023 ikapandishwa hadi Sh 1,500, huku sakafu ya ghorofa ikifika Sh 7,500. Nyumba iliyokuwa ikilipa Sh 10,000 kwa mwaka leo inalipa Sh 18,000, yaani ongezeko la asilimia 80, na sikumbuki mkutano wowote wa mtaa ambamo mtu alisimama akatueleza ongezeko hilo litafanya kazi gani.

Nieleze jinsi kodi hii inavyolipwa hasa, kwa sababu nadhani waliopanga utaratibu huu wanaishi katika nyumba zenye familia moja na mita moja. Mimi nina nyumba upande wa magharibi wa jiji, na uani nimejenga vyumba sita vya kupangisha vyenye mita yao. Wapangaji hao hununua umeme kwa zamu. Anayeangukiwa na zamu tarehe mosi akinunua umeme wa Sh 5,000, mfumo unaondoa kwanza Sh 1,500 za kodi ya majengo, ndipo unakata VAT, fungu la wakala wa umeme vijijini (REA) na la mdhibiti wa nishati na maji (EWURA), na mwisho anapata uniti zisizofika kumi badala ya kumi na nne. Wenzake wanaona taa zimezima mapema wanamshuku kwamba amenunua pungufu. Kwangu ugomvi huo uliisha nilipoamua kwamba ununuzi wa kwanza wa kila mwezi niufanye mimi. Sitaki kusifiwa kwa hilo, maana kodi ni ya jengo, na jengo ni langu. Lakini katika mitaa yetu wenye nyumba wengi hawakai na wapangaji wao. Wako mikoa mingine, wanapokea kodi ya pango ya miezi sita kwa mkupuo kupitia simu, na hawajui wala hawaulizi nani ananunua umeme.

Serikali ilipoulizwa kuhusu wapangaji ilijibu kwamba wakubaliane na wenye nyumba wao ili kiasi walichokatwa kipunguzwe kwenye kodi ya pango. Jibu hilo ni zuri kwenye karatasi. Mpangaji aliyekwisha kulipa miezi sita au mwaka mzima mbele, akampa na dalali kodi ya mwezi mmoja, atapunguza kutoka wapi? Na akikataliwa ataenda wapi, ikiwa sheria iliyokuwa ikidhibiti upangaji ilifutwa mwaka 2005 pamoja na mabaraza yake? Hakuna mtu atakayempeleka mwenye nyumba mahakamani kwa ajili ya Sh 250, ambayo ndiyo sehemu ya kila chumba ukizigawa zile 1,500 kwa vyumba sita. Matokeo yake ni kwamba kodi ya mali inalipwa na wasio na mali, tena wale wa vyumba vya uani, na inalipwa kimyakimya kwa sababu ni ndogo mno kwa mtu mmoja kuipigia kelele.

Kuna pia suala la wazee. Sheria imesamehe nyumba anayoishi mmiliki aliyefikisha umri wa miaka 60. Jirani yangu ni bibi mjane aliyevuka umri huo zamani, na mita yake iliendelea kumkata kama kawaida. Tulimsindikiza ofisi moja, tukaelekezwa nyingine, huko tukaambiwa turudi na barua ya mtendaji, nakala ya kitambulisho na uthibitisho wa umiliki, na uthibitisho huo hana, kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha marehemu mumewe na hakijapimwa. Ni danadana tupu. Tarehe yake ya kuzaliwa ipo NIDA, kwenye mamlaka ya vitambulisho, namba yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole, na mita yake inajulikana kwa namba. Serikali iliyoweza kuunganisha mita na kodi ndani ya miezi michache inashindwaje kuunganisha mita na umri? Vivyo hivyo kwa waliotenganisha mita katika nyumba moja ili kuepusha ugomvi nilioueleza hapo juu: wanakatwa mara mbili hadi wao wenyewe wagundue na kwenda kujieleza. Nimeona kwamba kila kosa katika mfumo huu linaelekea upande mmoja, na mzigo wa kulisahihisha ni wa mlipaji.

Juu ya usawa sitasema mengi, kwa sababu kila anayeijua Arusha anaweza kujionea. Nyumba ya vyumba viwili Unga Limited, iliyobanana na jirani hadi paa zinagusana, inalipa Sh 1,500. Nyumba kubwa ya chini kule Njiro, yenye bustani, maegesho ya magari manne na nyumba ya mtumishi, nayo inalipa Sh 1,500 kama ina mita moja. Tunaambiwa kiwango kimoja hurahisisha ukusanyaji, na ni kweli kwamba uthamini wa jengo mojamoja ni kazi ndefu na ya gharama. Lakini kodi ya pango la ardhi, ile anayolipa Serikali mwenye kiwanja, inakokotolewa kwa ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake, na inakusanywa kila mwaka bila mbingu kuanguka. Wanaoweza kutofautisha kiwanja cha Sombetini na cha Njiro wanaweza kutofautisha na kilichojengwa juu yake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Sehemu kubwa ya nyumba zilizoongezeka hapa baina ya sensa hizo mbili zimejengwa katika maeneo ambayo hayakupimwa, kwa sababu viwanja vilivyopimwa havikutosha na bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa fundi, mama lishe au mwalimu. Miradi ya nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, ukiwamo ule wa Safari City kule Mateves, ni mizuri kuitazama, ila haikuwalenga watu hao. Watu wakanunua kwa wenyeji, wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wakajenga. Ukaja urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha maeneo yaliyokwisha kujengwa, nasi mtaani kwetu tukachangia kampuni ya upimaji, vigingi vikachimbiwa, na tangu hapo wengi wetu tunasubiri hati. Ikitokea barabara inapanuliwa, au mtaro unapitishwa, tunaambiwa eneo ni holela, hivyo tusitarajie mengi. Kwenye mita ya umeme nyumba yangu inatambulika kikamilifu, namba yake ipo na inatozwa kodi kila mwezi. Kwenye ramani ya mipango miji haipo. Sielewi jengo linawezaje kuwa halali kwa kutozwa na kuwa holela kwa kuhudumiwa.

Na huduma zenyewe? Nisiwe mnyimi wa fadhila. Mradi mkubwa wa maji wa Sh bilioni 520 umeleta nafuu inayoonekana katika mji ambao kizazi kizima kimekua na meno ya kahawia kwa sababu ya floridi iliyomo majini, na barabara kadhaa za lami za mjini kati zinapitika vizuri. Tatizo linaanza ukishuka kwenye lami. Barabara yetu ya mtaa huchongwa na greda, na masika ya kwanza huirudisha kuwa korongo ambalo bajaji hailivuki, hata mgonjwa hubebwa hadi barabara kuu. Ukimfuata diwani anakwambia barabara si za halmashauri tena tangu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoanzishwa mwaka 2017. Ukiuliza TARURA unaambiwa bajeti inatoka juu. Taka nazo zimekabidhiwa kikundi chenye mkataba, tunachokilipa ada yake ya kila mwezi mbali na kodi ya majengo. Gari lake hupita siku lipendalo, linapiga honi kona ya mtaa, na mwenye viroba avibebe mwenyewe kukimbilia huko. Aliyeko kazini anavikuta viroba vyake jioni vimechanwa na mbwa. Wasio na subira hutupa mtoni usiku, na mvua ikinyesha taka hizo huwashukia wanaoishi bondeni, ambao nao ni walipa kodi ya majengo. Mwaka huu nilimwuliza mtumishi mmoja kwa upole kama sehemu ya zile Sh 1,500 haiwezi kulipia gari la taka. Alicheka, akasema fedha hizo hata yeye huziona kwenye simu yake tu, anaponunua umeme.

Jibu hilo lilikuwa la kweli kuliko taarifa nyingi nilizosoma. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kodi ya majengo ni kodi ya mahali. Nyumba haiwezi kuhama Arusha ikaenda kulipia Dodoma. Kama Serikali Kuu imeona ni busara ikusanywe kwa mita za umeme, na mimi nakiri njia hiyo inakusanya vizuri kuliko ankara za zamani, basi mashine hizohizo zinajua ni mita ngapi katika kila kata zimekatwa na kwa kiasi gani. Takwimu hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, pembeni yake kiandikwe kiasi kilichorejeshwa kwa ajili ya kata hiyo na kazi iliyofanywa, hata kama kiasi chenyewe ni sifuri. Mkazi wa Daraja Mbili au Muriet akisoma kwamba kata yake imetoa kiasi fulani na imerudishiwa kiasi fulani, atajua aende kumsumbua diwani, TARURA au mbunge wake. Leo hajui, na wote watatu wanalala usingizi mzuri.

Mamlaka husika zitengeneze pia njia rahisi ya kuwaondoa wazee na mita za ziada bila kuwazungusha watu, na wakati wowote viwango vitakapoguswa tena, ukubwa na mahali pa nyumba vizingatiwe kabla ya kuongeza shilingi nyingine kwa kila mtu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na madiwani hupitisha makadirio yao miezi kadhaa kabla ya hapo. Naomba walio katika Baraza la Madiwani watujibu kupitia gazeti hili, kabla hawajapitisha makadirio yajayo: katika mapato wanayoyapangia matumizi, kodi ya majengo ya wakazi wa Arusha imo kwa kiasi gani?

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye nyumba na mkazi wa Jiji la Arusha