Malalamiko: Ripoti Yenu ya Tathmini Imenizuia Kufanya Mtihani wa CPA

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

YAH: MAKOSA KATIKA RIPOTI YA TATHMINI YA SHAHADA YANGU KWA AJILI YA MTIHANI WA CPA WA MAREKANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliwalipa mtathmini shahada yangu ya uhasibu niliyosomea nje ya Marekani, ili niweze kuomba kufanya mtihani wa CPA, yaani mtihani wa leseni ya uhasibu wa Marekani. Bodi ya uhasibu ya jimbo imeyakataa maombi yangu, na sababu iliyoandikwa kwenye barua yao ni moja tu: ripoti yenu haionyeshi krediti (vipimo vya uzito wa masomo) za kutosha za uhasibu. Krediti hizo ninazo. Zimo kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo yangu, ambayo chuo changu kiliwatumia ninyi moja kwa moja.

Ukaguzi wa Hesabu niliusoma mwaka mzima, mihula miwili, na transkripti inasema hivyo waziwazi. Ninyi mmeuhesabu kuwa somo la muhula mmoja. Uhasibu wa Gharama nao mmeukata nusu vilevile. Somo la Kodi mmelitoa kabisa kwenye uhasibu na kuliweka kwenye masomo ya biashara kwa ujumla, pamoja na Masoko na Uongozi. Hili la Kodi limeniuma zaidi. Mtihani wenyewe una sehemu 3 za lazima, AUD (ukaguzi), FAR (uhasibu na taarifa za fedha) na REG (kodi na sheria), na hiyo REG kwa kiasi kikubwa ni kodi. Kampuni inayojitangaza kuwa inaandaa ripoti za waombaji wa CPA inapaswa kulijua hilo.

Nimejibiwa kwa simu kwamba jumla ya krediti iko sawa, kwa hiyo ripoti haina tatizo. Jibu hilo halikubaliki. Kila bodi ina masharti yake, na bodi ziko 55 ukijumlisha majimbo yote, mji mkuu na maeneo mengine ya Marekani. Krediti 120 zinazotosha kufanya mtihani katika majimbo mengi, au zile 150 zilizozoeleka kwa leseni, ni mwanzo tu wa hesabu. Baada ya hapo bodi inaangalia ngapi kati ya hizo ni za uhasibu na ngapi ni za biashara. Afisa wa bodi haanzi kuchambua mihula ya chuo asichokijua. Anasoma ripoti yenu na kuamua. Somo likiwekwa pasipo pake, maombi yanakwama hapo hapo.

Kuna kosa la pili. Mmegeuza mpangilio wa majina yangu na kuacha jina la kati, ingawa niliwatumia nakala ya pasipoti. Mnafahamu kwamba jina lililo kwenye hati ya kupanga tarehe ya mtihani lazima lifanane na la kitambulisho, na kwamba mtahiniwa ambaye majina yake yanapishana anaweza kurudishwa mlangoni na ada yake ikapotea. Sitaki faili langu kwenye bodi lianze na jina ambalo si langu.

Niliwaandikia nikaambatanisha mihtasari ya masomo yote matatu, pamoja na barua ya msajili wa chuo inayothibitisha mihula. Jibu lililokuja halikutaja hata somo moja kati ya hayo. Lilisema tathmini ni ya mwisho na kwamba nikitaka ipitiwe upya nilipe ada nyingine. Sioni haki ya kunitoza mara ya pili kwa kazi ambayo haikufanywa sawasawa mara ya kwanza. Ada ya maombi niliyolipa kwenye bodi hairudishwi, na sasa itanibidi niilipe tena. Nimekuwa nikijiandaa kwa FAR usiku baada ya kazi, nikaomba likizo kwa ajili yake, na bila idhini ya bodi siwezi kupanga tarehe yoyote.

Naomba mrekebishe mihula ya Ukaguzi na Uhasibu wa Gharama, mrudishe Kodi kwenye uhasibu, mwandike majina yangu kama yalivyo kwenye pasipoti, kisha ripoti hiyo mpya muitume wenyewe kwa bodi, kwa kuwa haipokei ripoti kutoka mkononi mwa mwombaji. Yote haya bila malipo. Kama mnaona uainishaji wenu ni sahihi, nipeni kwa maandishi kigezo mlichotumia kwa kila somo, nikiwasilishe kwenye bodi.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14, kutoka kwa mtathmini aliyeisoma transkripti yangu. Zikipita bila marekebisho wala maelezo, nitadai ada yangu yote na kuipa bodi nakala ya barua hii na viambatanisho vyake.

Wako mwaminifu,
Mwombaji wa mtihani wa CPA

Viambatanisho: transkripti, mihtasari ya masomo 3, barua ya msajili, nakala ya pasipoti, barua ya bodi.