Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: tuchoreeni kituo cha mtaa kabla ya kuuza viwanja

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, pokea salamu za wakazi wa mitaa mipya ya Dodoma. Tunajua una kazi nyingi, na barua zetu za mwanzo huenda bado ziko masjala zikisubiri zamu yake.

Juma lililopita greda limepita tena na kung'oa vibanda vilivyokuwa kwenye hifadhi ya barabara. Sawa. Hifadhi ya barabara si mahali pa kuuzia nyanya, hilo hatubishani. Tunachouliza ni kwamba mchoro wa mtaa huu ulimpangia muuza nyanya akae wapi? Tumeukagua. Kuna makazi, shule, nyumba za ibada, na eneo la wazi ambalo kiukweli ni korongo. Viwanja vya biashara vyote vimesukumwa pembezoni, kwenye barabara kubwa, tena vikubwa kiasi kwamba anayevimudu ni mwenye kituo cha mafuta. Na kweli, mafuta tunayo. Chumvi ndiyo tunaifuata kwa bodaboda. Ndiyo maana tunaomba kituo cha mtaa, yaani eneo dogo la maduka na huduma katikati ya nyumba, linalofikika kwa miguu.

Tukukumbushe kwa unyenyekevu kwamba mpango wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Kanada baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, ulimtanguliza mtembea kwa miguu, baiskeli na basi. CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoundwa mwaka 1973, ikavunjwa mwaka 2017, Dodoma ikawa Jiji mwaka 2018. Mtembea kwa miguu bado yuko njiani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu mzima hutembea kama mita 80 kwa dakika, hivyo dakika 5 ni mita 400. Duara la mita 400 kutoka kituoni lina hekta 50 hivi. Toa barabara, shule na maeneo ya wazi, tuseme nusu. Zinabaki hekta 25. Mkigawa viwanja vya mita za mraba 1,200, mnapata kaya 208. Duka la dawa na bucha havitadumu kwa wateja hao, vitafungwa kabla ya masika. Mkigawa vya mita za mraba 400, mnapata kaya 625, kama watu 2,500 kwa kaya ya watu 4. Hapo biashara inapumua. Viwanja vidogo basi vizunguke kituo, vikubwa viende mbali nacho. Michoro tunayoiona hufanya kinyume: kilicho karibu na huduma ndicho kikubwa, kwa sababu ndicho chenye bei. Au ndivyo tunavyodhani.

Halafu duara la kwenye karatasi halitembeki. Viwanja vikipangwa mgongo kwa mgongo kwa mita 250 bila upenyo, mita 400 za ndege zinakuwa 700 za miguu, juani, kwenye mchanga. Kila baada ya mita 100 pawe na kichochoro cha mita 3, nacho kiwekewe bikoni (alama za mpaka) pande zote na kumwagiwa kokoto kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Kisipofanyiwa hivyo jirani wa kushoto atasogeza ukuta mita moja, wa kulia atajibu, na baada ya miaka miwili mbuzi hapiti.

Tuje kwenye barabara ya kituo, maana hapa ndipo mambo huharibika hata pale mnapotenga eneo. Hifadhi ya mita 18 inatosha: mita 6 za magari, mita 2 za maegesho kila upande, mita 1.5 za miti kila upande, na mita 2.5 za waenda kwa miguu kila upande. Mtaro upite chini ya njia ya miguu, ufunikwe kwa vibao vya zege vinavyoweza kuinuliwa ili usafishwe. Mkiuacha wazi, kila mwenye duka atajenga kidaraja chake kwa bomba la inchi 6. Mvua za Desemba hushusha mchanga, bomba linaziba, maji yanahamia barabarani, na lami inaondoka kipande kwa kipande. Kisha tunaambiwa mkandarasi alikuwa mbovu.

Kibali cha ujenzi humtaka mwenye kiwanja arudi nyuma ya mpaka wa barabara. Kwa nyumba ya kuishi ni sawa. Kwenye kituo cha mtaa sharti hilo linaua: nafasi iliyoachwa mbele inageuka maegesho, au inaezekwa bati na kuzibwa, na anayetembea anarudishwa katikati ya magari. Andikeni kinyume chake, kwamba ukuta wa mbele ukae kwenye mpaka, na uwe na baraza ya mita 2 yenye paa. Kwa jua la Dodoma baraza si pambo. Fremu za maduka ziwe na upana wa mita 3 hadi 4 ili fundi cherehani na kinyozi wamudu kodi. Juu waishi watu, ngazi ishuke mtaani, taa ziwake usiku.

Ruhusuni genge, mama lishe, saluni, duka la dawa muhimu, ofisi ya serikali ya mtaa. Mashine ya kusaga na fundi wa kuchomelea wakae ukingoni mwa kituo kwa sababu ya vumbi na kelele. Baa yenye spika mnajua wenyewe.

Mtatuambia njia ipo: mtu aombe kubadili matumizi ya ardhi. Ipo. Achore, atangaze gazetini, alipe, asubiri vikao, yote hayo ili atoboe ukuta auze sukari na sabuni. Ndiyo maana anatoboa usiku, na asubuhi anakuta alama ya X nyekundu. Matumizi ya makazi na biashara yakiandikwa kwenye mchoro tangu mwanzo, hakuna wa kuomba wala wa kuwekewa X.

Hatuombi soko la ghorofa. Hatuombi hata vibanda vilivyong'olewa virudishwe, ingawa nyanya zilizokanyagwa zilikuwa mtaji wa watu. Tunaomba mchoro wa awamu inayofuata usisainiwe kabla haujaonyesha kituo kimoja cha mtaa ndani ya mita 400 za kila nyumba, na mpaka wake upigwe bikoni kabla ya tangazo la kuuza viwanja. Kabla, Mheshimiwa. Baada ya hapo hakuna ardhi ya kukiweka, kuna greda tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakazi wa mitaa mipya, Dodoma